Siku Picha Ilipoacha Kukatika

Kazini tulimwita Bi Vigae. Jina lilitokana na kikao kimoja ambapo bosi alimtaka aeleze, kwa lugha ya watu, kwa nini televisheni ya dijitali inayoonekana safi sebuleni huharibika ukiipeleka ndani ya basi. Akasimama, akasema, "Picha ya zamani ilikuwa inaugua taratibu. Inaingia chenga, sauti inakwaruza, lakini mtu anaendelea kutazama. Hii mpya haiugui. Ama nzima ama imekufa. Ikipungukiwa kidogo tu inavunjika vigae vigae, halafu inaganda." Neno vigae alilitamka mara nyingi kiasi kwamba kikao kilipokwisha alishapata jina, na mwenyewe hakulikataa.

Mimi nilikuwa fundi wa kurekodi vipimo. Meza yangu ilitazamana na yake, ghorofa ya tatu ya kituo cha televisheni, katika chumba kisicho na dirisha hata moja. Chumba kilijaa ving'amuzi. Alikuwa amevikusanya majumbani mwa watu: vya tangu mwaka wa kwanza wa dijitali, vingine vimepoteza vifuniko, kimoja mende walikuwa wamehamia na familia zao. Jumla vilikuwa thelathini na kimoja, vimepangwa rafuni, kila kimoja na skrini yake ndogo. Wageni walidhani ni taka zinazosubiri kutupwa. Kumbe bila ruhusa ya vile visanduku yeye hakupitisha jambo.

Kazi tuliyopewa ilikuwa moja: matangazo yashike hata kwa mtu aliye safarini. Mitambo ilijengwa kwa ajili ya antena iliyopigiliwa juu ya paa, isiyokwenda popote. Gari likitembea, mawimbi yanagonga ukuta huu na ule, mengine yanafika yamechelewa, mengine hayafiki kabisa, na picha inakufa. Wakubwa walitaka njia ya mkato: tubadilishe mfumo wote, na mwenye king'amuzi cha zamani ajijue. Bi Vigae hakutaka kuyasikia hayo.

"Mgeni mpya asimtoe mwenyeji kitandani," alisema. "Kuna bibi huko amenunua king'amuzi mwaka juzi. Akiamka kesho akute giza, nitamwambia nini?"

Njia yake ilikuwa ya mtu mwenye barua muhimu asiyeiamini barabara. Unaandika nakala mbili, moja unaituma sasa, nyingine baadaye kidogo. Ya kwanza ikizuiwa, ya pili itafika. Basi zile sehemu nyeti za picha alizituma mara mbili, nakala ya pili ikichelewa kwa muda unaotosha gari kuvuka nyuma ya jengo. Nakala hiyo aliipa alama mpya. Kifaa kipya kingeisoma. Cha zamani, kikikutana na alama kisiyoijua, kingeiruka na kuendelea na shughuli zake. Tena akaacha nafasi nyingine tupu kabisa ndani ya mawimbi. Bosi akamuuliza ni za nani.

"Za watakaokuja," akajibu. "Sisi hatujui watataka nini. Tusiijaze nyumba nzima kwa fanicha zetu."

Bosi alikuwa ameshaziwazia matangazo ya biashara nafasi zile. Akakunja faili lake, akatoka.

Lakini nadharia ya mezani na barabara ni vitu viwili. Kupima kulihitaji gari, na gari lilihitaji dereva, na dereva alikuwa mjomba wake.

Si mjomba wa heshima tu, maana kituo kizima tulimwita Mjomba. Alikuwa kaka wa mama yake, tumbo moja. Baba yake Bi Vigae alipofariki, yeye akiwa bado anasoma madarasa ya chini, ni huyu aliyemchukua, akamvusha shule hadi chuo. Alipomaliza chuo, ni Mjomba aliyezibeba karatasi zake mwenyewe hadi kwa mkuu wa ufundi na kusema, "Mimi sijui kilichoandikwa humu, ila mtoto huyu redio zangu zote alizifungua, na zote zinaimba." Wakampa kibarua. Baadaye wakampa chumba na ving'amuzi.

Gari la vipimo lilikuwa la mizigo, jeupe, na antena mbili juu. Mzunguko wetu ulianzia getini, ukapanda mlimani kwenye mnara, ukashuka kwa njia ya hospitali, ukapita daraja la reli, ukaingia kona ya maghala, ukarudi. Kilomita arobaini na mbili. Ili vipimo vya leo vilingane na vya jana, ilibidi mwendo uwe ule ule, mahali pale pale. Hapo ndipo Mjomba alikuwa hana mpinzani. Ukimwambia sitini, mshale unakaa kwenye sitini kana kwamba umegandishwa kwa gundi.

"Nyie mnazivunja picha," alizoea kutuambia, "mimi kazi yangu kuzitembeza."

Kona ya maghala ndiyo iliyotutesa. Pande zote mbili kuna kuta za mabati, ndefu, na mawimbi humo hupotea kama sindano kwenye nyasi. Tulitumia mkanda mmoja wa majaribio, wa mwanamume anamwagilia maua bustanini, dakika mbili, unajirudia. Matone ya maji ni kazi ngumu kwa dijitali kuyachora, ndiyo maana tukauchagua. Kila tulipofika kona ile, mwanamume yule alivunjika vigae, mkono ukabaki upande huu, bomba la maji upande ule, akaganda mpaka tutokee ng'ambo. Kwa miaka miwili sikumwona akivuka mzima.

Mwaka wa tatu Bi Vigae aliona jambo kwenye rekodi. Hakunionyesha wakati ule. Alinisimulia baadaye sana. Mashine yetu iliandika mwendo wa gari kila sekunde, ubavuni mwa makosa ya picha. Yeye alikuwa anatazama makosa, jicho likahamia kwenye mwendo. Kwenye kona ya maghala sitini ilikuwa inashuka hadi arobaini na tano, kisha inapanda tena. Si siku moja. Alirudi nyuma miezi mitano, akakuta hali inazidi, hasa raundi za kuelekea saa kumi na moja, jua linapolala na kuta kutupa vivuli barabarani.

Alimuuliza mjomba wake. Mjomba akasema ni mashimo. Bi Vigae akaenda kwa miguu siku ya mapumziko, akaikagua barabara ile kama mtu aliyeangusha hereni. Hapakuwa na shimo.

Siku iliyofuata, kwenye chai, alimwekea kikombe upande wa kushoto badala ya kumpa mkononi. Mjomba aliendelea kuongea. Baadaye akauliza, "Chai yangu bado?" Kikombe kilikuwa pale pale, karibu na kiwiko chake, kinatoa moshi.

Walikwenda kukaa ndani ya gari, wao wawili, milango imefungwa.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Mwaka jana. Daktari alisema ni presha ya macho. Mbele naona vizuri, mwanangu. Ni pembeni. Kushoto ndiko kumekufa zaidi. Naiona barabara kama mtu anayechungulia kwenye bomba."

"Na unaendesha."

"Njia ile naijua kuliko nyumba yangu." Kisha akashusha sauti. "Zimebaki raundi ngapi kabla ya kikao cha kamati ya kuupitisha huo mfumo wenu?"

"Kumi na nne."

"Niache nizimalize. Nikimaliza nitapeleka funguo mwenyewe, nitasema nimechoka. Wasije wakasema Mjomba alitolewa kama gari bovu."

Bi Vigae alijua la kufanya. Lilikuwa jambo la dakika tano: kupanda ngazi na kumwambia mkuu wa ufundi. Lakini yule ndiye aliyemlea. Na ukweli mwingine, ambao yeye mwenyewe aliusema mahakamani bila kuulizwa, ni kwamba dereva mwingine angevuruga vipimo vya miaka mitatu. Mambo mawili yakavutia upande mmoja. Akamwambia, "Sawa, mjomba."

Kuanzia siku hiyo aliacha kukaa nyuma kwenye mitambo. Akahamia kiti cha mbele, na nyuma nikabaki mimi. Nikawa namsikia akisema kwa sauti ya chini, kama anayepiga soga: baiskeli kushoto, mjomba. Mtu anavuka kushoto. Lori limeegeshwa, kushoto. Nilitambua raundi ya pili au ya tatu. Nilijifanya hamnazo. Nilijiambia ni mambo ya mtu na mjomba wake, yananihusu nini, na nikashika vipimo vyangu.

Raundi ya kumi na moja tulitoka saa tisa na nusu. Mbingu nyeupe, jua halijashuka. Asubuhi ile Bi Vigae alikuwa ameongeza muda kati ya nakala ya kwanza na ya pili, na ving'amuzi vyote thelathini na kimoja vilikuwa vimekubali, hata kile cha mende. Tukapanda mlimani, tukashuka, tukavuka daraja. Tulipoingia kona ya maghala nilishika kalamu niandike sekunde picha itakapovunjika.

Haikuvunjika. Mwanamume alimwagilia maua yake, tone kwa tone, mabati pande zote, mwendo sitini. Nilihesabu tano, nikahesabu kumi.

"Dada," nikasema, "imeshika."

Akageuka kutazama. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka aligeuka kwa muda gani. Mashine inasema sekunde tatu hadi kishindo. Uso wake niliuona: ulikuwa umefunguka kama wa mtoto. Nyuma ya bega lake, kwenye kioo, niliona kizibao cha rangi ya chungwa, na ufagio.

Alikuwa mfagizi wa barabara, mwanamke mtu mzima, anafagia mchanga ukingoni upande wa kushoto. Mjomba alikanyaga breki baada ya kugonga, si kabla. Tulipofika pale chini alikuwa bado na joto, lakini hakuwa na pumzi. Bi Vigae alipiga magoti, akakishika kichwa chake. Mjomba alisimama kando ya mlango, ameuweka mkono juu ya boneti, akiuliza, "Ni nini? Nimegonga nini?" mpaka mtu mmoja wa maghalani akamjibu.

Ndani ya gari, mashine ilikuwa bado inarekodi. Picha haikukatika hata mara moja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba wakati mwingine kifo chenyewe kinamwangukia mpita njia.

Polisi walituhoji mmoja mmoja. Mimi nilisema nilikuwa natazama skrini, sikuona barabara. Ilikuwa kweli, na nilijificha ndani ya kweli hiyo. Bi Vigae alisema yote: macho, kikombe, raundi kumi na nne, kiti cha mbele. Ofisa aliyekuwa anaandika alisimamisha kalamu akamuuliza kama anaelewa anachojifanyia. Akasema anaelewa.

Siku mbili kabla ya kamati, bosi alikuja chumbani kwetu. Alifunga mlango.

"Ile rekodi ndiyo bora kuliko zote tulizowahi kupata," alisema. "Kamati inataka kona ya maghala. Kata sekunde za mwisho. Yaliyofuata hayawahusu."

"Aliyefuata ni mtu," akasema Bi Vigae.

"Nakuonea huruma, binti yangu. Nakutafutia njia."

"Najua. Ipeleke nzima, au usiipeleke."

Ilikwenda nzima, na nakala nyingine ikaenda mahakamani. Sijawahi kusikia faili moja likishinda kesi mbili namna ile. Kamati iliipokea njia yake, pamoja na nafasi tupu zote alizoziacha. Mahakama nayo ikapima mwendo, sekunde kwa sekunde, ikaona breki ilikanyagwa lini. Mjomba alikiri. Alipewa mwaka mmoja na nusu. Bi Vigae alipewa kifungo cha nje, na kituo kikamwachisha kazi kwa barua ya mistari minne.

Kabla ya hukumu alikwenda kwa mume wa marehemu. Aliniomba nimsindikize, nikaenda. Mzee yule alikuwa fundi viatu, chumba chake kinanuka gundi na ngozi. Bi Vigae alimwamkia, akampa pole, akajitaja kuwa ni nani. Mzee hakumfukuza. Alimwonyesha kigoda.

"Wamenieleza wewe ndiye uliyekuwa macho yake," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Picha," akasema.

"Picha ya nini?"

"Ya mtu anamwagilia maua."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi, kama anayehesabu kitu. Kisha akachukua kiatu alichokuwa anakishona, akakigeuza, akakirudisha chini. "Alikuwa anaanza saa kumi alfajiri," alisema. "Siku ile walimwongezea zamu ya mchana, mwenzake alikuwa anaumwa." Tukakaa mpaka ikawa aibu kuendelea kukaa, tukaaga.

Mama yake Bi Vigae ndiye aliyekuwa mgumu kuliko mahakama. Alikuwa anakunja nguo siku binti alipomweleza. "Ungesema hukujua," alimwambia. "Nani angekuuliza? Umemfunga kaka yangu kwa kinywa chako, kinywa alichokilisha yeye." Akaendelea kukunja nguo. Mjomba alipotoka gerezani, mama alikuja langoni, akamshika kaka yake mkono, akamfuta uso kwa kanga, akalia naye. Binti yake alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Mama hakumsalimu.

Kwa wakati huo Mjomba alikuwa haoni kitu tena, mbele wala pembeni. Alikataa kwenda kwa dada yake. Alisema atakaa na mpwa wake. Watu walishangaa, lakini Bi Vigae aliniambia kwamba siku ya kwanza alipomtembelea gerezani, Mjomba alimwahi kabla hajafungua mdomo. "Mimi nilikuomba uongo, ukanipa," alimwambia. "Mwenye kosa ni mwombaji. Usinililie hapa, wenzangu wanasikia." Baada ya hapo wakaongea habari za redio.

Siku hizi Bi Vigae anatengeneza ving'amuzi kwenye kibanda kidogo karibu na stendi ya mabasi. Mabasi yanayopita yana televisheni na picha zake hazikatiki, kwenye daraja wala maghalani. Abiria hawajui palikuwa na tatizo. Majumbani, ving'amuzi vya mwaka wa kwanza bado vinaonyesha. Hakuna bibi aliyeamka akakuta giza. Meza yake nilipewa mimi. Nilipandishwa cheo kwa kazi yake, nikakipokea, na nikamwambia mke wangu ni bahati.

Ilinichukua miaka minne kwenda kibandani. Nilimkuta na koleo mkononi. Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, katikati ya kelele za mabasi, anakunjua nyaya zilizoviringana, vidole vyake vikitafuta mwanzo wa kila waya. Nikaongea habari za kazini, za nani kastaafu, za paa linalovuja. Bi Vigae alinisikiliza. Mwishoni nikasema nilichokuja kusema, kwamba nilikuwa nasikia. Nilijua tangu zile raundi za mwanzo, na polisi sikuwaambia.

"Najua," alisema, bila kuinua kichwa. "Ulipotambua uliacha kuongea nyuma kule. Kabla ya hapo ulikuwa huishi maneno."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Niliulizwa nilichofanya mimi." Alipuliza vumbi kwenye kifaa. "Ungesema, tungesimama. Na mimi ningesema, tungesimama. Nishikie hapa, usitikise."

Nikashika. Aliyeyusha risasi ya kulehemu, akaunga waya, moshi ukapanda kati yetu. Mjomba akauliza kutoka nje ni nani amekuja. Bi Vigae akamjibu, "Mtu wa kazini." Mjomba akanisalimu kwa uchangamfu, akaniuliza habari za watoto, na gari jeupe nani analiendesha sasa. Nikamwambia liliuzwa. Akasema, "Lilikuwa gari zuri," akarudi kwenye nyaya zake.

Risasi ilipopoa nikatoa mkono, nikaaga. Nimepita pale mara mbili tangu siku hiyo, na mara zote mbili nilivuka nikapitia upande wa pili wa barabara.